Njo Isidore

Katika nyumba ya Mama Sikuzani, nyuma ya stesheni ya Kindu, kulikuwa na neno moja lisiloruhusiwa kuvuka kizingiti. Neno lenyewe ni "alikuwa". Mgeni angeweza kuja na matope miguuni, angeweza hata kusengenya wakwe zake, na mama angemvumilia. Lakini akithubutu kusema, "Isidore alikuwa fundi wa nyavu," bibi yule aliinua mkono hapo hapo.

"Iko fundi," alisema. "Anza tena."

Na mgeni, hata awe na mvi hadi kwenye nyusi, alianza tena.

Isidore huyo alikuwa (mimi nalisema, mama hanisikii) mwanawe wa kwanza. Wakati wa vita vya Wazungu serikali ilipotaka mpira wa porini, askari walimkuta mtoni Lokandu anashona wavu. Wakamfunga kamba mkononi pamoja na vijana wengine, wakawapeleka msitu wa upande wa Lubutu. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi mmoja mmoja, wamekonda, wana vidonda vya miguu. Yeye hakurudi. Mmoja wao akasema homa ilimmaliza. Wa pili akasema alitoroka akavuka mto. Wa tatu aliapa kwamba alimwona Stanleyville, amenenepa, ana mke mweupe wa uso. Basi maiti hakuna, kaburi hakuna, na habari ni tatu. Mama Sikuzani alizikataa zote tatu akashika ya kwake: mtoto yuko njiani. Wazee wa ukoo walikuja kumsihi akubali matanga, watu walie, wanyoe, yaishe. Akawapikia wali, wakala, akawaonyesha njia ya kurudi makwao.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni mdogo mtu, Léon Onema. Léon alikuwa mpimaji wa mizigo pale stesheni. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mizani kubwa ya chuma, kupima magunia ya mchele, mapipa ya mawese na masanduku ya wafanyabiashara, na kuyagonga muhuri kabla hayajapanda gari la moshi kwenda kusini. Alikuwa amesoma kwa mapadri, akabatizwa, akajua kuandika mwandiko wa kupendeza. Mkewe Adolphine, mama wa binti yao Odile, alikuwa amesoma kidogo kwa masista, naye alikuwa na ulimi ambao masista hawakumfundisha.

Léon alichoshwa na katazo la lile neno. Nalisema wazi kwa sababu watu wa Kindu walipenda kumsifu kuwa mwana mwema anayemtunza mama yake, na kweli alikuwa mwema, lakini wema nao huchoka. Kila akirudi nyumbani alipaswa kumsema ndugu yake kama mtu aliyetoka kidogo kwenda sokoni. Alimpenda Isidore. Alitaka kumlilia, na hakuna aliyempa ruhusa. Ndipo akapata wazo la kuandika kitabu. Angeandika maisha yote ya ndugu yake, tangu kuzaliwa hadi siku ya msitu. Mapadri wangekichapa, yeye angemsomea mama tangu jalada hadi jalada, na mama angeona kwa masikio yake kwamba hadithi ile ina mwisho. Kitu chenye jalada lazima kiwe na mwisho, alimwambia Adolphine.

"Na jina yako itakuwa hapo mbele, kubwa," Adolphine akasema.

"Jina itakuwapo, ndiyo. Kitabu iko na mwenyewe."

"Mimi sikukatala, Baba Odile. Nilitaka tu tusidanganyane."

Aliandika stesheni, amekalia sanduku, kati ya gari na gari. Aliandika jinsi Isidore alivyozaliwa mwaka wa mafuriko, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akifunga fundo la wavu, jinsi alivyomdanganya katekista mmoja kwamba kambare ni mboga, ili ale siku ya Ijumaa. Aliandika kwa lugha ya Kindu, ile aliyoombea chumvi na kumposea mke. Alipomaliza, akampelekea Padri Gérard, mkuu wa misheni, mtu mrefu mwenye pumu, asiyekuwa mbaya.

Padri alisoma kwa majuma mengi. Kisha akamwita.

"Léon, umefanya kazi nzuri sana," alisema, kwa Kiswahili chake cha vitabuni kilichopigwa pasi. "Lakini hiki si Kiswahili. Hiki ni Kingwana. Wachapaji wetu kule ziwani hawachapi Kingwana. Muntu, mutoto, mukubwa! Andika mtu, mtoto, mkubwa. Uwe na subira."

Hebu fikiria mtu kuambiwa kwamba lugha aliyoongea maisha yake yote si lugha. Léon alisema, "Ndiyo, Padri," akarudi stesheni na mzigo wake. Alianza upya tangu ukurasa wa kwanza. Zile "u" alizitoa moja moja, kama mke anavyochambua mawe kwenye mchele, na kila alipoitoa moja aliona ndugu yake anasogea mbali kidogo. Isidore wa karatasi alianza kuongea kama padri.

Kitabu kikapanda gari la moshi kwenda ziwani. Léon mwenyewe alikipima.

Subira yavuta heri, husema waliopata. Hawasemi heri yenyewe hupanda gari gani, wala hushuka stesheni ipi. Gari za kusini zilikuja zikiwa na chumvi, zikaja na vitambaa, zikaja na Mzungu mpya na kinanda chake, na kila mara Léon alikagua mizigo kwa macho ya mtu anayemtafuta mdeni wake. Msimu wa mvua ukaisha, ukaja mwingine. Mama Sikuzani macho yakaanza kuingia ukungu. Hilo ndilo lililomtia Léon hofu iliyomkosesha raha ya chakula: kwamba mama atakufa hajasikia mwisho, na kazi ya kumngoja Isidore atarithi yeye.

Jibu lilipofika, lilikuwa jibu la "ndiyo, ila". Wachapaji walikipenda. Ila ile sura ya mpira ilikuwa na maneno makali, serikali isingefurahi. Je, haingetosha kusema kwamba Isidore alisafiri kwa ajili ya kazi?

Léon alilibeba swali hilo kwenda na kurudi stesheni. Mwisho akaandika: alisafiri kwa ajili ya kazi. Adolphine aliposoma sentensi ile alikiweka chini kile alichokuwa ameshika.

"Alisafiri?" akauliza. "Na kamba yenye ilikuwa ku mukono? Umeifungua weye?"

"Nikiiacha, hawatachapa."

"Basi."

"Basi nini, Adolphine?"

"Basi tu. Muandishi njo weye."

Siku kadhaa hawakusemezana ila mambo ya maji na kuni. Léon alijua mkewe ana haki, na ndiyo maana alimkasirikia.

Ikabaki sentensi ya mwisho kabisa. Kule mwanzo, kabla ya masahihisho yote, kitabu kilikuwa kimeishia hivi: Njo Isidore, ndugu yangu. Kwa mtu wa Kindu hakuna linalohitaji kuelezwa hapo. "Njo" ndiyo "ndiye" yetu, ndiyo "ndiyo" yetu, ndiyo kidole tunachonyooshea kitu tukasema ni hiki. Njo huyu. Njo vile. Padri Gérard alitaka sentensi ile iwe: Huyo ndiye aliyekuwa Isidore, ndugu yangu. Léon, aliyekuwa amekubali kila kitu, hapo akagoma.

"Padri, 'aliyekuwa' siwezi. Mama yangu hataki."

"Basi andika 'aliye'."

"Na hiyo, mimi siwezi."

Padri aliweka kalamu chini. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyokielewa kitabu. Léon alikuwa ametafuta katika lugha yote neno lisilomzika ndugu yake na lisilomfufua, ambalo mama angelisikia bila kuinua mkono na yeye angelisema bila kudanganya, akalipata hilo dogo, lisilo na jana wala leo. Lingekuwa mlango unaofungwa polepole bila kishindo.

"Neno moja la Kingwana," Padri akasema. "Na libaki."

Kikapanda gari tena. Na Léon akangoja tena, safari hii vibaya kuliko zote, kwa kuwa sasa alikuwa na ahadi. Stesheni nzima ilijua. Zéphirin, aliyekuwa akigeuza njia za reli, mtu wa mzaha usio na breki, alimwuliza siku moja mbele ya wachukuzi, "Muandishi, kitabu yako iko njiani pamoja na Isidore?" Wachukuzi wakacheka. Léon alishuka kwenye mizani akampiga kofi ambalo lilisikika hadi kwa wauza ndizi. Alisimamishwa kazi, akaombewa msamaha na Padri, akarudishwa. Zéphirin alimsamehe kabla ya wote, maana si mtu mbaya, ila mdomo wake ulitangulia. Lakini mzaha ule ulibaki kwa Léon kama mwiba uliokatikia ndani. Kwani haikuwa kweli? Mama anangoja mtu, yeye anangoja kitabu, na wote wawili wanatazama njia. Tofauti yao ilikuwa nini? Swali hilo lilimsumbua, akawa mkali kwa watoto bila sababu.

Sanduku lilishuka asubuhi moja kati ya mapipa ya saruji. Alilijua kwa harufu ya wino kabla ya kusoma anwani. Akalipima vibaya, akalipima tena, akalisukuma mwenyewe kwa mkokoteni hadi misheni. Padri Gérard akalifungua kwa patasi. Vitabu vilikuwa vyembamba, jalada la kijivu, na pale mbele: LÉON ONEMA. Nisiseme uongo, alifurahi. Alilipapasa jina lake kwa kidole gumba, akacheka peke yake kama mtoto aliyepewa muwa.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho.

Palikuwa pameandikwa: Njoo, Isidore, ndugu yangu.

Alisoma mara nyingine. Akampa Padri. Padri alisoma, akaanza kucheka, akaona uso wa Léon, akaacha. Ilikuwa rahisi kuelewa kilichotokea. Msahihishaji kule ziwani alikuwa amejifunza Kiswahili cha pwani. "Njo" yetu ya Maniema hakuijua. Aliona neno limepungukiwa na herufi, akamhurumia mwandishi wa bara, akaiongeza. Akatia na mkato, kwa wema wake.

"Ni kosa dogo, Léon," Padri alisema. "O moja tu."

"Padri, niliwapa 'u' zote," Léon akasema. Sauti ilikuwa ya chini, na ndiyo maana ilitisha. "Niliwapa mpira. Niliwapa kamba ya ndugu yangu. Neno moja nilibakiza, moja, na hilo pia mmechukua."

Padri akakohoa. Mwisho alisema vitabu vinaweza kurudishwa, ukurasa wa mwisho ubadilishwe. Itachukua muda. Mwaka, labda zaidi. Itabidi kuwa na subira.

"Virudi," Léon akasema.

Kimoja alikuwa amekitia mfukoni, akaenda nacho nyumbani kumwonyesha Adolphine jinsi walivyomharibia. Alilala bila kula. Kulipokucha alikiacha mezani akaenda kazini, akalirudisha lile sanduku kutoka misheni, akaliweka juu ya mizani tayari kwa gari la saa za mchana. Hapo akakumbuka kimoja kilichobaki. Hakutaka hata nakala moja ya kosa lile ibaki Kindu watu waisome, Zéphirin aisome. Akakimbia nyumbani.

Mama Sikuzani alikuwa kwenye mkeka barazani, kitabu amekifunga kwenye pindo la kitenge. Adolphine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kando yake, na macho ya wote wawili yalikuwa mekundu.

"Mama, nipe kitabu. Gari iko karibu kwenda."

"Adolphine amenisomea," mama akasema. "Asubuhi yote. Sasa soma weye. Soma mwisho tu."

"Amekwisha kukusomea, Mama."

"Adolphine hakutoka tumbo moja naye. Soma."

Akakitoa pindoni. Léon akafungua ukurasa wa mwisho, amesimama, mguu mmoja uko njiani. Macho yaliona kilichochapwa, lakini mdomo ulisoma kilichoandikwa.

"Njo Isidore, ndugu yangu."

"Apana," mama akasema. "Umesoma mubaya."

"Mama, kitabu ni yangu. Niliandika miye."

"Kuandika unajua. Kusoma Adolphine anakupita. Haiko vile." Akamgeukia mkwewe. "Ilisema namna gani?"

Adolphine hakuinua uso kutoka kwenye kinu. "Mama, mimi nilisoma yenye iko pale."

"Ilisema 'njoo'. Baba yangu, mungwana wa Kasongo mwenye luga ya pwani, alikuwa ananiita vile: njoo, Sikuzani. Naijua ile neno."

Kwa baba yake "alikuwa" liliruhusiwa. Baba yake alikuwa na kaburi.

Léon alichuchumaa mbele yake. Akaamua kumwambia ukweli, na hapakuwa na njia ya kuusema kwa upole. "Mama, njo makosa. Watu wa chapa hawajui luga yetu. Waliongeza herufi. Mimi sikuandika 'njoo'. Sikumuita muntu. Niliandika tu, njo yeye. Imekwisha. Kitabu inarudi kwao waitengeneze."

Mama Sikuzani aliinua uso. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yanamtazama pale sauti ilipotoka.

"Imekwisha," akarudia. "Njo sababu uliandika."

Léon alitazama kitabu mkononi.

"Nilijua, mutoto yangu. Siku zote nilikusikia unaandika, nikasema, huyu anachimba shimo. Nikakuacha, kila muntu na namna yake ya kulia." Akanyoosha mkono, akamkosa, akampata begani. "Lakini umeandika namna anazaliwa, namna anapiga muluzi, mpaka kambare yake umeandika. Umemusema, umemusema. Kumuita, hata siku moja haukumuita. Wale watu wa mbali, wasiomujua, njo walikuonyesha."

Iliuma, na iliuma kwa sababu ni kweli. Tangu ile siku ya Lokandu, Léon alikuwa amelitamka jina la kaka yake mara elfu, na kila mara alilitamka kama mtu anayesoma jina juu ya msalaba. Alikuwa amefanya kazi miaka hii yote ili mama akubali. Hakuwahi kujiuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kumngoja Isidore, japo kwa siku moja. Alimwonea wivu yule msahihishaji, mjinga wa watu, aliyeandika kwa kalamu ya makosa sentensi pekee katika kitabu kizima iliyomliza mama yake.

Huko stesheni gari la kusini lilipiga filimbi ya kwanza. Sanduku lilikuwa bado juu ya mizani, na bila muhuri wa Léon hakuna ambaye angelipandisha. Adolphine aliacha kutwanga, akamtazama mumewe. Filimbi ya pili ikapigwa. Léon hakuinuka.

"Soma yenye iko," mama akasema.

Akasoma. "Njoo, Isidore..." Sauti ilimkatikia hapo, kabla ya kufika kwa ndugu, na machozi yakamtoka mbele ya mke na mama, mwanamume mzima mwenye kofia ya kazi kichwani. Gari likaanza kwenda. Lilichukua muda mrefu kupita, na mama alingoja kwa utulivu hadi kelele zikaisha, kwa maana kelele zingefunika jina.

"Muite tena," akasema. "Pengine hakusikia."

Léon alikiweka kitabu chini kwenye mkeka. Akasimama, akageukia njia, akaita.